Mwongozo kamili: Kuratibu harusi ya kamati bila kumaliza na madeni

Harusi nyingi za mijini Tanzania zinafeli mahali pamoja. Ukumbi unapendeza, watu wanacheza, picha zinatoka safi, halafu Jumatatu mpishi anapiga simu kuulizia salio lake. Mhazini anafungua daftari na kukuta ahadi za mamilioni ambazo hazikuingia. Bwana harusi anaanza ndoa kwa kukopa ili alipe wali ambao watu wameshakula.

Mwongozo huu ni wa mratibu anayeanza kufanya kazi hii kwa malipo, na wa mwenyekiti au katibu wa kamati aliyebebeshwa jukumu hilo na ukoo. Nimeuandika kwa harusi ya michango kama tunavyoifanya Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au Dodoma. Sendofu (sherehe ya kumuaga bi harusi) na kicheni pati (sherehe ya wanawake ya kumfunda na kumpa vyombo) zinafuata hatua hizi hizi, kwa kiwango kidogo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari gumu la mapato na matumizi, na nakala yake kwenye simu au kompyuta. Moja likipotea, lingine libaki.
- Kitabu cha stakabadhi chenye nakala.
- Akaunti ya benki au laini ya makusanyo isiyotumika kwa mambo mengine. Chagua mtu ambaye jina litakalotokea kwenye simu wachangiaji wanalitambua.
- Orodha mbili za majina, upande wa mume na upande wa mke, zenye namba za simu.
- Mkataba wako wa kazi, ulioandikwa na kusainiwa.
- Fomu moja ya makubaliano utakayoijaza kwa kila mtoa huduma.
- Kwa anayefanya hii kama biashara: jina lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA (mamlaka ya mapato) na leseni ya biashara ya halmashauri. Kampuni ikitaka umwandalie mfanyakazi wao sherehe, itaomba hivyo vyote siku ya kwanza.

## Hatua ya 1: Saini mkataba wako kabla ya kikao cha kwanza

Andika waziwazi unachofanya. Kazi ziko za aina tatu: kuratibu tangu mwanzo, kuingia mwezi wa mwisho, na kusimamia siku yenyewe tu. Kila moja ina bei yake. Ukiacha jambo hili kwa mdomo, utalipwa ya siku moja na kufanya ya miezi minne.

Ada yako igawanywe mara tatu: unaposaini, siku 30 kabla ya harusi, na siku 7 kabla. Usiache hata shilingi ya kulipwa baada ya sherehe. Wakati huo kila mtu amechoka, kamati imetawanyika, na fedha iliyobaki ina wenyewe wengi.

Kifungu kimoja usikiache: mratibu hashiki pesa ya harusi. Mhazini wa kamati ndiye anayewalipa watoa huduma moja kwa moja, wewe unaidhinisha kwamba kazi imefanyika. Waratibu wengi hupenda kukusanya fungu lote na kugawa wenyewe. Nakusihi usifanye hivyo. Siku upungufu ukitokea, hata kama umetokana na ahadi zisizolipwa, jina litakalotajwa ni lako. Kadhalika usichukue asilimia ya kificho kwa mpambaji au mpishi. Kama anakupa punguzo, liingie kwenye bajeti ya maharusi.

Umefanikiwa kama: una karatasi yenye saini mbili, malipo ya kwanza yameingia, na familia inajua nani anamlipa nani.

## Hatua ya 2: Funga tarehe na taratibu za ndoa

Usilipie ukumbi kabla ya kupata tarehe ya kanisani, msikitini au kwa msajili. Watu hulipa ukumbi kwanza kwa sababu Jumamosi za Desemba zinagombewa, kisha wanaambiwa paroko ana ndoa nyingine siku hiyo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya nia ya kuoana itolewe si chini ya siku 21 kabla ya ndoa. Kwa Wakatoliki kuna mafundisho ya ndoa, na matangazo husomwa kanisani kwa Jumapili tatu. Kwa Waislamu hakikisha walii na mashahidi wawili wanajulikana mapema, na kwamba shehe atakayeozesha amepewa leseni ya kufungisha ndoa. Leseni hiyo inamhusu mchungaji na padri pia, maana bila yake cheti kina mgogoro.

Epuka Kwaresima na Ramadhani. Hata kama wanaooana hawafungi, nusu ya wageni wao huenda wanafunga.

Umefanikiwa kama: una uthibitisho wa maandishi wa siku na saa ya ndoa.

## Hatua ya 3: Pata idadi ya wageni kutoka kwenye pesa

Hapa ndipo harusi inapookolewa au kuzama, kwa hiyo soma taratibu.

Kamati nyingi huanza kwa kuuliza: tutaalika watu wangapi? Jibu linakuwa 400, kisha bajeti inanyooshwa kuifikia 400. Anza upande wa pili. Uliza: familia yenyewe ina kiasi gani mkononi, na ni kiasi gani cha ahadi tunaweza kukitegemea?

Gawa gharama mafungu mawili. Gharama za kudumu hazibadiliki hata waje watu 100 au 300: ukumbi, mapambo ya jukwaa, picha na video, mshereheshaji, muziki, magari, keki, mavazi. Gharama za kichwa zinapanda kwa kila mgeni: sahani ya chakula, vinywaji, kadi, kiti na pambo la meza.

Chukua mfano huu. Bei ni za kufanyia hesabu tu, weka za mji wenu.

- Gharama za kudumu: milioni 10.
- Gharama ya kichwa kimoja: 40,000.
- Fungu la familia: milioni 4.
- Jumla ya ahadi: milioni 24.

Kamati isiyo na mratibu itajumlisha 24 na 4, ipate 28. Itoe 10 za kudumu, zibaki milioni 18, igawe kwa 40,000. Wanatangaza wageni 450 na wanaona wamefanya hesabu.

Wewe hesabu theluthi mbili tu za ahadi, yaani milioni 16. Ongeza 4 za familia, unapata 20. Weka kando asilimia 10, milioni 2, kwa dharura. Zinabaki 18. Toa gharama za kudumu 10, zinabaki 8. Gawa kwa 40,000: wageni 200.

Kati ya 450 na 200 ndipo madeni yanapozaliwa. Kama ahadi zikiingia vizuri kuliko ulivyotarajia, kuongeza wageni 50 ni simu moja kwa mpishi. Kupunguza watu ambao wameshapewa kadi ni ugomvi wa ukoo.

### Kiwango cha kadi

Sasa angalia kadi. Kamati husema tu “singo hamsini, dabo laki”, yaani kadi ya mtu mmoja 50,000 na ya wawili 100,000, kwa sababu harusi iliyopita ilikuwa hivyo. Kwa mfano wetu, mtu akichanga 50,000 na kula, kunywa na kukaa kwa 40,000, anaacha 10,000 tu ya kusaidia mengine. Wageni 200 wanaacha milioni 2. Gharama za kudumu ni 10, familia ina 4, pengo ni 6. Mmeshapungukiwa milioni 4 kabla hamjaanza.

Singo ya 70,000 inaacha 30,000 kwa kichwa, mara 200 ni milioni 6. Pengo limezibwa. Na dabo iwe 140,000 kweli, kwa sababu mtu wa pili anakula sahani nzima kama wa kwanza.

Tahadhari: wapo wasiochanga lakini lazima wawepo: wazee, viongozi wa dini, watoto wa ndani. Waandike ndani ya ile 200 tangu mwanzo. Watafidiwa na wanaochanga bila kuja, lakini usiwafikirie siku ya mwisho.

Kama wachangiaji wenu hawawezi 70,000, usilazimishe. Teremsha gharama za kudumu. Ukumbi wa shule, wa kanisa au turubai uwanjani unaweza kuondoa milioni kadhaa, na hakuna mgeni aliyewahi kushindwa kula pilau kwa sababu ya dari.

Umefanikiwa kama: wazazi wa pande zote mbili wamekubali idadi moja, imeandikwa, na kila upande unajua mgao wake.

## Hatua ya 4: Unda kamati ndogo yenye kazi

Mwenyekiti, katibu, mhazini, na wasimamizi wa chakula, vinywaji, ukumbi na mapambo, usafiri. Inatosha. Kamati ya watu 30 inazaa hotuba.

Mhazini awe mtu asiye na haya ya kudai. Toa pesa kwa saini mbili: mhazini na mwenyekiti. Katibu aandike kila kikao uamuzi, jina la mhusika na tarehe ya kumaliza.

Angalia pia gharama za vikao vyenyewe. Nimeona harusi ambazo soda na nyama choma za vikao zingelipia mpiga picha. Kila mjumbe ajinunulie, fungu la harusi lisiguswe.

Umefanikiwa kama: mhazini anaweza kukutajia salio wakati wowote ukimpigia.

## Hatua ya 5: Geuza ahadi ziwe pesa

Peleka kadi za mchango angalau miezi mitatu kabla. Mshahara unakuja mara moja kwa mwezi, na mtu akipata miezi mitatu anaweza kupunguza ahadi yake kidogo kidogo. Ukimpa wiki tatu, umemwomba atoe yote kwenye mshahara mmoja wenye ada ya shule ndani yake.

Weka siku ya kufunga makusanyo: siku 14 kabla ya harusi. Itangaze tangu kadi ya kwanza. Sababu ni kwamba mpishi, ukumbi na mpambaji wanahitaji idadi ya mwisho na sehemu kubwa ya malipo wakati huo. Pesa inayoingia baada ya hapo ni nyongeza, isipangiwe matumizi.

Ujumbe wa kukumbusha uwe mfupi na uwe na sababu:

*“Habari za leo ndugu yetu. Kamati inakushukuru kwa ahadi yako ya sh. 100,000 kwa ajili ya harusi ya vijana wetu. Tarehe 10 tunalipia chakula. Ukiweza kupunguza kabla ya hapo utakuwa umetusaidia sana. Namba ni hii, jina litakalotokea ni hili. Asante na karibu.”*

Wazee usiwatumie ujumbe. Wapigie, uwaamkie shikamoo, uulize hali ya nyumbani, kisha useme. Mjomba aliyeahidi ng'ombe anafuatwa nyumbani kwake na mtu wa ukoo.

Waombe watu watume na ya kutolea, au tumieni lipa namba au akaunti ya benki. Makato ya kutoa pesa, ukiyajumlisha kwa wachangiaji 150, ni mapambo ya meza kadhaa.

Kwenye kundi la WhatsApp andika kila pesa iliyopokelewa siku hiyo hiyo. Anayeona jina lake anatulia, na anayesita anasukumika. Lakini orodha ya wadaiwa usiiweke hadharani kamwe. Mtu aliyefiwa au kuachishwa kazi wiki iliyopita anaaibishwa mbele ya watu 200, na uhusiano huo harusi haitaurudisha.

Ukaguzi wa wiki ya nne kabla: linganisha pesa taslimu na bajeti. Kama iliyoko mkononi haijafika nusu ya bajeti, kata leo. Kata kwa mpangilio huu: matarumbeta na magari ya ziada, maua halisi, aina za vyakula, kisha idadi ya wageni ambao bado hawajapewa kadi ya mwaliko.

Umefanikiwa kama: siku ya kufunga, pesa iliyopo inalipa kila kitu kilichosainiwa.

## Hatua ya 6: Watoa huduma, kila mmoja kwa maandishi

Omba bei kwa watatu kwa kila huduma, kisha waulize maswali wasiyoyatarajia.

Ukumbi. Tunaingia saa ngapi kupamba? Kuna shughuli nyingine asubuhi yake? Tunatoka saa ngapi, na kila saa ya ziada ni kiasi gani? Umeme ukikatika jenereta inabeba viyoyozi na muziki, au taa tu? Mafuta ni ya nani? Je, tunaruhusiwa kuleta vinywaji na mpishi wetu bila kulipia? Swali hili la mwisho limeharibu bajeti nyingi, maana ukumbi ulioonekana rahisi unarudisha pesa yake hapo.

Chakula. Makubaliano yataje idadi ya sahani, vipande vya nyama na kuku kwa kila sahani, na wahudumu wangapi. Hesabu pia wapiga picha, DJ, madereva na walinzi. Weka mhudumu kwenye sufuria ya nyama na ya kuku, mgeni asijipakulie. Wali hauishi, nyama ndiyo inayoisha ikiwa bado kuna meza tano.

Foleni ina hesabu yake. Kama kila mgeni anatumia sekunde 20 mezani, watu 300 kwenye foleni moja ni dakika 100. Foleni nne ni dakika 25. Mdai mpishi foleni nne, aandike.

Vinywaji. Kreti ya soda ina chupa 24. Wageni 300 kwa soda mbili ni kreti 25. Kubaliana na duka kwamba kreti zisizofunguliwa zinarudishwa, na mteue mtu wa kuhesabu chupa tupu usiku huo huo. Chupa zinazopotea mtazilipa ninyi.

Mpambaji. Ambatanisha picha ya mnachotaka kwenye makubaliano. Maneno “nyeupe na dhahabu” yana maana tofauti kwa kila mtu.

Picha na video. Andika jina la mtu atakayeshika kamera. Wengine huchukua kazi tatu Jumamosi moja na kuwatumia wanafunzi wao. Bakiza sehemu ya malipo hadi albamu ifike. Hapa tu ndipo ninaporuhusu deni baada ya harusi, na fedha yake iwe imeshatengwa.

Mshereheshaji. Kaa naye saa nzima. Mpe majina ya wazazi na vyeo vyao sawasawa, nani ametangulia mbele za haki, wazazi gani wametengana na hawasimamishwi pamoja. MC anayejua hayo anaokoa machozi.

Umefanikiwa kama: unaweza kumwonyesha mhazini jedwali moja: huduma, bei, kilicholipwa, salio, tarehe ya salio.

## Hatua ya 7: Kadi za mwaliko na mlango

Kadi ya mwaliko itoke kwa aliyemaliza ahadi au aliyeidhinishwa na familia. Kila kadi iwe na namba yake, za kidijitali ziwe na msimbo wa kuskani. Mlangoni weka watu wawili, mmoja kutoka kila upande, kwa sababu mlinzi peke yake hawezi kumjua shangazi aliyetoka Kigoma bila kadi. Tenga viti kumi vya akina shangazi. Viti hivyo vinatumika kila mara.

Tahadhari: usimwachie mtu mmoja kadi za upande mzima bila kusaini idadi aliyochukua.

## Hatua ya 8: Andika ratiba kuanzia mwisho

Anza na saa ya kutoka ukumbini, rudi nyuma. Kama ukumbi unafungwa saa 6 usiku, na zawadi zinahitaji saa moja na nusu, basi chakula kiwe kimekwisha saa 4:15, ibaki robo saa ya akiba. Kiingie saa 3:15. Maharusi waingie ukumbini si zaidi ya saa 1:30, kwa kuwa utambulisho, keki, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) na shampeni vinameza saa nzima na zaidi.

Kuchelewa kwa kawaida huanzia saluni. Ibada ikiwa saa 8 mchana, bi harusi awe anatoka saluni saa 6:30, na mtu mmoja kazi yake iwe hiyo tu. Foleni ya Jumamosi ihesabiwe kwa kupita njia hiyo Jumamosi iliyotangulia, saa ile ile.

Mtumie kila mtoa huduma ratiba yenye namba yako na ya msaidizi wako. Maharusi simu zao zisipigwe siku hiyo.

Umefanikiwa kama: siku mbili kabla, kila mtoa huduma amejibu kwa kuthibitisha saa yake ya kufika.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe

Fika ukumbini kabla ya mpambaji kumaliza. Hesabu viti. Jaribu vipaza sauti na jenereta. Hesabu sahani na mpishi mbele ya mjumbe wa chakula. Kisha simama mahali unapoona mlango na meza kuu kwa pamoja.

Bahasha za zawadi ziwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, likae mbele ya macho ya watu wawili, mmoja wa kila upande, na likabidhiwe kwa wazazi usiku huo huo kwa kusaini. Zawadi za vitu ziorodheshwe kabla ya kupakiwa garini.

## Hatua ya 10: Hesabu na kuvunja kamati

Itisha kikao cha kuvunja kamati ndani ya wiki mbili. Wajumbe wakishatawanyika zaidi ya hapo hawakusanyiki.

Mhazini asome mapato, matumizi na salio, kila tumizi likiwa na stakabadhi yake. Soma majina ya waliochanga kwa heshima, waliochanga kidogo na waliochanga kikubwa, bila kutaja viwango. Kinachobaki kikabidhiwe kwa maharusi pale pale, mwenyekiti na mhazini wasaini, nakala moja ibaki kwako.

Ahadi zitakazoingia baada ya hapo mhazini azipeleke kwa maharusi siku zinapoingia, pamoja na jina la aliyetuma ili wampigie kumshukuru. Laini ya makusanyo isizimwe kabla ya mwezi kuisha, kwa kuwa wapo wanaosubiri mshahara.